Fundi wa Pinde Anajibu: Ukavu wa Mti na Subira ya Kusawazisha

Barua zilizoufikia ukurasa huu safari hii zinahusu upinde wa mti mmoja, yaani ule unaochongwa kutoka katika shina moja bila kubandikwa fibaglasi wala kitu kingine. Ili tuelewane, upande unaoelekea shabaha nitauita mgongo wa upinde, upande unaomwelekea mpigaji nitauita tumbo, kamba yake nitaiita upote, na sehemu mbili zinazokunjika juu na chini ya kishikio nitaziita mikono. Walioandika wengi wanatoka mikoa ya Dodoma na Singida, na nimefurahi kwa hilo, kwa sababu maelekezo mengi ya kazi hii yanayosambaa yametungwa na watu wa nchi zenye mvua nyingi na baridi, ambako tatizo la fundi ni mti usiokauka. Sisi tatizo letu ni mti unaokauka kupita kiasi, tena kwa kasi.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwezi wa pili nilikata shina la mkole lililonyooka vizuri, nikalimenya gome siku hiyohiyo na kuliweka juu ya bati ili likauke upesi. Baada ya majuma machache nilikuta nyufa ndefu, na mmoja wao umelizunguka shina. Nilikosea wapi, na je, shina hilo bado lina kazi? — Msomaji, Chamwino

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aina ya mti uliichagua vyema. Kilicholipasua shina ni bati. Shina bichi lina maji ya namna mbili: yale yaliyojaa katika matundu ya mbao, ambayo hutoka bila mbao kubadilika ukubwa, na yale yaliyoshikwa ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Maji ya kwanza yakiisha, unyevu uliobaki ukiwa kwenye asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, ndipo mti unapoanza kusinyaa, na husinyaa takriban mara mbili zaidi kwa kulizunguka shina kuliko kutoka kwenye gome kuelekea kiini. Sasa fikiria shina la mviringo lililomenywa na kuwekwa kwenye bati lenye joto: sehemu ya nje inakauka na kubana ilhali ya ndani bado ni mbichi na imejaa, kwa hiyo nje haina njia nyingine ila kupasuka. Ncha zake mbili ndizo hupasuka kwanza, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha iliyokatwa kwa kasi kubwa kuliko ubavuni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya siku ya kukata mti ni kuziba ncha. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo inafaa, gundi nyeupe ya mbao inafaa, nta iliyoyeyushwa inafaa zaidi; paka mara mbili, na upake pia kila mahali ulipokata tawi. Gome la upande utakaokuwa mgongo liache mahali pake kwa majuma ya mwanzo, kwa kuwa linazuia mgongo usikauke kwa pupa. Halafu, usikae na shina zima la mviringo kwa miezi. Lipunguze mapema kwa tezo au panga upande wa tumbo, hadi kiini kiondoke na ubaki na ubapa mnene wa sentimita 3 au 4 hivi, ambao maji yake yana njia fupi ya kutokea. Ufunge ubapa huo kwa kamba kwenye ubao ulionyooka ili usijikunje, uuzungushie gunia, na uuweke chumba cha ndani kisichopigwa na jua wala upepo. Baada ya majuma mawili au matatu ondoa gunia. Gome nalo usilisahau huko, maana bungua hupenda kutaga chini yake, na ukiona unga laini sakafuni chini ya mti, limenye mara moja na ulikague shina lote.

Utajuaje kwamba umekauka? Usitegemee kugonga na kusikiliza sauti. Tumia mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu: pima ubapa kila wiki, andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe, na uzito ukigoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mti umelingana na hewa ya chumba chako. Katika kiangazi cha Dodoma, ubapa uliokwisha kupunguzwa hufika hapo ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, ilhali shina zima linaweza kuhitaji mwaka.

Lakini hapo ndipo penye mtego wa nchi yetu, nami naomba wasomaji wote wasome aya hii polepole. Upinde unataka mbao yenye unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Ikiwa na unyevu zaidi ya huo, mikono hukunjika na kubaki imekunjika. Ikishuka chini ya asilimia 6 hivi, mbao hupoteza wepesi wa kuvutika na hukatika bila onyo. Mvua zetu hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayofuata ni mikavu kabisa. Ikifika Septemba na Oktoba, upepo ukivuma mchana kutwa, mbao iliyotundikwa karibu na dirisha inaweza kukauka kupita kiwango bila wewe kuona dalili yoyote kwa macho. Ukitaka uhakika, kata kipande kidogo kutoka ncha ya mti huohuo baada ya kuondoa sehemu iliyopakwa rangi, kipime, kikaushe kwenye oveni ya moto mdogo wa nyuzi 100 hivi hadi uzito usishuke tena, kisha gawanya tofauti kwa uzito wa mwisho. Kipande kilichokuwa gramu 54 kikabaki gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 8, na ubapa wake uko tayari kuchongwa. Ukikuta umekauka mno, uhamishie chumba chenye ndoo ya maji wazi, funga mlango, na uendelee kupima hadi uzito urudi.

Ama shina lako lenye nyufa, tazama zinavyokwenda. Ufa ulionyooka sambamba na shina unaweza kuugeuza uwe faida: pasua kwa kabari kuufuata, na pengine utapata ubapa mmoja mzima. Ule uliozunguka unakuonyesha kwamba nyuzi za mti wenyewe zimesokotana, na shina la namna hiyo hata lingekauka salama lingetoa upinde unaojipinda ubavuni. Lichonge mpini wa jembe.

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu babu yangu alikuwa Msandawe na alichonga pinde, lakini sikupata kujifunza kwake. Je, ni miti gani inayofaa katika eneo letu, na kama haipatikani, naweza kununua ubao kwa wauza mbao mjini? — Msomaji, Chemba

JIBU: Marahaba, na pole kwa kumpoteza babu kabla hujarithi kazi yake. Umezaliwa mahali ambapo upinde ni wa kale sana: michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina wanyama na watu, na miongoni mwa watu hao wamo wenye pinde mikononi. Kaskazini yenu, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanaendelea hadi leo kuchonga pinde ndefu zenye nguvu ambayo watu wengi wa mjini hawawezi hata kuivuta, na kwa kazi hiyo hupenda mti wa jamii ya Dombeya ambao wenyewe huuita mutateko.

Kwa fundi anayeanza, mimi nampeleka kwenye mkole bila kusita. Unaota katika vichaka vikavu vya katikati ya nchi, ni mgumu bila kuwa mzito kupita kiasi, hustahimili kukunjwa, na ndio wazee wametengenezea pinde, mishale na fimbo za kuchungia. Huota mashina mengi kutoka tako moja, jambo ambalo ni neema: ukikata shina moja kwa mkato wa mshazari juu kidogo ya ardhi na kuyaacha mengine, mti huchipua tena na wala hujauua. Tafuta shina lenye kipenyo cha sentimita 5 hadi 7, lililonyooka kwa urefu wa sentimita 180, lisilo na matawi upande mmoja angalau. Zungukia mti mzima kabla ya kuinua panga. Gome likionekana kwenda kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa, nenda mti mwingine.

Mkulagembe, ambao Wagogo huuita mtundulu, nao ni mgumu na wa kudumu, lakini kupata shina lake refu lililonyooka ni kazi. Mpingo usiuguse: ni mzito mno kwa ncha za upinde, hukua polepole sana, na wachongaji wa vinyago wana haja nao kuliko sisi. Kabla ya kukata chochote, zungumza na serikali ya kijiji au afisa misitu wa wilaya, kwa maana chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 mazao ya msitu wa hifadhi hayachukuliwi bila kibali, na misitu ya vijiji ina sheria zake ndogo.

Ubao wa dukani unaweza kutoa upinde, ila ni kwa anayejua kusoma nyuzi. Paini acha kabisa. Kwa mbao ngumu, omba ruhusa ya kugeuza rundo zima na utafute ubao mmoja ambao nyuzi zake zinakwenda kutoka ncha moja hadi nyingine bila kutokea ubavuni. Njia ya kuhakikisha ni kudondosha tone la wino kwenye uso wa ubao uliopigwa randa: wino hufuata nyuzi, na ukiuona unakimbilia ukingoni ndani ya shubiri moja, ubao huo utakatika papo hapo wino ulipotokea. Shina la mkole halina shaka hiyo, kwa sababu mgongo wake ni uso wa mti wenyewe chini ya gome, nyuzi hazijakatwa na msumeno wowote. Ndiyo maana nasema, anayeweza kupata shina asinunue ubao.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na pamoja na wanafunzi tumechonga upinde mmoja. Mkono wa chini unakunjika sana na wa juu umesimama kama fimbo. Tumejaribu kupunguza hapa na pale, hali imezidi kuwa mbaya. Tufanyeje? Na je, tunaweza kugandisha kipande cha mbao kwenye mkono dhaifu kwa gundi? — Mwalimu, Kongwa

JIBU: Nzuri, Mwalimu, na hongera kwa kuwashirikisha vijana. Hii ndiyo sehemu ya kazi inayomtofautisha mchonga fimbo na mchonga upinde, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Kwanza acheni kupunguza "hapa na pale". Ugumu wa mkono wa upinde unategemea upana wake mara moja, lakini unategemea unene wake mara tatu, yaani unene unazidishwa kwa wenyewe mara tatu. Mkono wenye unene wa milimita 12 ukiondoa milimita moja tu, unapoteza karibu robo ya ugumu wake mahali hapo. Ilhali ukiondoa sehemu hiyohiyo ya kumi na mbili kwenye upana, unapoteza sehemu hiyo tu na si zaidi. Basi mtaona kwa nini pigo moja la panga lililoingia ndani linaweza kuvuruga kazi ya siku nzima. Mkono ukianza kukunjika, panga na tezo viwekwe mbali. Kuanzia hapo ni tupa ya mbao, na mwishoni ni kipande cha kioo kilichovunjika au kisu kilichosimamishwa wima na kukwaruza, kinachotoa unyoya wa mbao mwembamba kama karatasi.

Pili, mbao huondolewa tumboni peke yake. Mgongo hauguswi. Nyuzi za mgongo ndizo zinazovutwa upinde unapokunjika, na ukikata chache kati yake kwa tupa, ufa utaanzia hapo. Penye fundo la tawi, acheni mbao iwe nene kidogo kulizunguka.

Tatu, nahitaji mjenge kitu cha kusawazishia. Pigilieni ukutani kipande cha gogo chenye mkato unaokikumbatia kishikio, upinde ulale juu yake mgongo ukiwa juu. Fungeni kapi dogo chini, karibu na sakafu, mpitishe kamba kutoka katikati ya upote kwenda kwenye kapi na kuelekea kwa mvutaji aliyesimama mita tatu pembeni, ili upinde ukikatika vipande visimfikie. Ukutani nyuma ya upinde chora mistari ya chaki iliyolala, kila baada ya sentimita 5. Mvutaji avute taratibu, na mtu mwingine asimame mbali na kuangalia mikono yote miwili inashukaje kwenye mistari hiyo. Kati ya upote na kamba wekeni mizani ya ndoana, ile ya kupimia nyama, ili mjue mnavuta kilo ngapi.

Mizani hiyo inalinda kanuni ambayo siivunji: tangu mkunjo wa kwanza hadi wa mwisho, upinde hauvutwi kwa nguvu zaidi ya ile mnayoitaka ukikamilika. Kama upinde wa wanafunzi wenu ni wa kilo 12, basi mkifika kilo 12 mnasimama, hata kama mkono umeshuka shubiri moja tu. Mnalegeza, mnapunguza mbao penye ugumu, mnaurudisha, mnavuta tena mara 20 au 30 kwa mkunjo mfupi ndipo mnapima, kwa kuwa mbao haionyeshi matokeo ya kukwaruzwa hadi ifanyishwe kazi kidogo. Kilo zinabaki zilezile, mkunjo unaongezeka, mpaka siku moja kilo 12 zinaufikisha upote kwenye sentimita 60 au 70 mnazozitaka.

Sasa, kuhusu mkono wenu wa chini. Mkono dhaifu hauponi kwa kuguswa. Uacheni kabisa, na mbao yote itakayotoka itoke mkono wa juu, hadi ufanane na wa chini. Upinde utapungua nguvu, hilo mkubali. Kutambua sehemu iliyosimama ndani ya mkono wa juu, chukueni kijiti kilichonyooka kabisa cha sentimita 15, mtoboe katikati yake na kupitisha penseli ambayo ncha yake imetokeza kidogo. Upinde ukiwa umekunjwa kidogo kwenye gogo, telezesheni kijiti hicho tumboni kutoka kwenye kishikio hadi karibu na ncha. Tumbo lililokunjika huacha uwazi chini ya katikati ya kijiti, na penseli haigusi. Tumbo lililosimama linagusana na penseli, na penseli huandika. Mahali palipoandikwa ndipo pa kukwaruza, na pasipoandikwa hapaguswi. Rudieni hadi penseli isiandike kitu katika mikono yote miwili isipokuwa karibu na kishikio, na kwenye sentimita chache za mwisho ambako ncha zinapaswa kubaki ngumu.

Msishangae mkono wa juu ukiachwa ukunjike zaidi kidogo kuliko wa chini, kwa milimita 3 hadi 6 mkipima kutoka kwenye upote hadi tumboni, kwa sababu vidole vinavyovuta huwa juu kidogo ya katikati ya upote, na mkono wa chini hubeba mzigo zaidi. Zaidi ya hapo ni kasoro. Wala msigandishe kipande cha mbao kwenye mkono dhaifu kwa gundi, kama mlivyouliza mwishoni mwa barua. Kitabanduka mgongo ukiwa umekunjika, na kwa wanafunzi si salama.

SWALI: Upinde wangu wa urefu wa sentimita 140 umekatika nilipouvuta mara ya kwanza hadi mwisho, yaani sentimita 70. Nataka kujua chanzo kabla sijaanza mwingine. — Msomaji, Bahi

JIBU: Hujaeleza ulivyokatika, kwa hiyo tazama vipande vyenyewe. Ikiwa umekatika karibu moja kwa moja, uso wa mkatiko ukiwa mfupi na hauna vijiti virefu, mbao ilikuwa kavu mno au ilishaanza kuoza ndani. Rudi kwenye jibu la msomaji wa Chamwino. Ikiwa umechanika kwa vijiti virefu vilivyoanzia ubavuni mwa mgongo, nyuzi zilikuwa zimekatwa na msumeno au tupa. Ikiwa vijiti ni virefu lakini vimeanzia katikati ya mgongo mzima, mbao ilikuwa njema na umeuvuta kupita urefu wake: upinde wenye kishikio kigumu unataka urefu usiopungua mara mbili na robo ya umbali unaouvuta, na wewe umesema wako ulikuwa na sentimita 140 nawe ukauvuta hadi 70. Kabla upinde haujakatika, mara nyingi tumbo hutoa onyo kwa vistari vyembamba vya kukata upana, kama mikwaruzo ya ukucha. Ukiviona, usivute tena hadi upunguze mbao pande mbili za mahali hapo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Natengeneza pinde za wanafunzi kwa ajili ya siku ya utamaduni, lakini nyuzi za nailoni za kuvulia samaki zinavutika mpaka upinde unalegea. Zamani walitumia nini, na sasa nitumie nini? — Mama mlezi, Manyoni

JIBU: Marahaba, mama. Nailoni inavutika kwa asili yake na hakuna fundo litakaloizuia. Zamani upote ulitoka kwa mnyama au kwa mmea: kano za mgongoni na za miguu ya wanyama wakubwa, zilizokaushwa, kupondwa zikawa nyuzi na kusokotwa, na nyuzi za mkonge pori, ule mmea wa majani mazito yaliyosimama chini ya vichaka, ambayo hupondwa na kukwanguliwa hadi zibaki nyuzi nyeupe. Kano zina nguvu sana, ila zikilowa hulegea. Ukitaka wanafunzi waone kazi ya zamani, fanyeni mkonge pori. Unapatikana vichakani na hauna gharama.

Kwa pinde zitakazotumika, nunua uzi wa poliesta wa mafundi viatu. Idadi ya nyuzi za upote ipatikane kwa hesabu hii: funga uzi mmoja kwenye mizani ya ndoana, uvute hadi ukatike, na usome kilo. Upote unapaswa kuhimili mara nne ya nguvu ya upinde. Uzi ukikatika kwa kilo 5 na upinde ni wa kilo 10, unahitaji nyuzi 8. Ongeza mbili au nne kwa ajili ya mahali pa vitanzi. Zigawe mafungu mawili, sokota kila fungu kuelekea kulia na papo hapo uyazungushe moja juu ya jingine kuelekea kushoto, hivyo hayatajifungua. Paka nta ya nyuki kwa kusugua hadi iyeyuke kwa joto la vidole. Ninyi wa Manyoni hamtahangaika kuitafuta, wafuga nyuki wako jirani. Katikati, mahali mshale unapokaa, zungushia uzi mwembamba kwa sentimita 10 ili upote usiliwe.

Ukiufunga, nafasi kati ya kishikio na upote iwe sentimita 15 hivi. Ulegeze kila mnapomaliza kupiga, upinde usilale umefungwa.

SWALI: Je, ni lazima kupaka vanishi? — Msomaji, Dodoma mjini

JIBU: Si lazima vanishi, lakini ni lazima kitu. Mafuta ya kitani yakipakwa kwa kitambaa na kuachwa yakauke, mara tatu au nne, kisha nta juu yake, huchelewesha unyevu kuingia wakati wa mvua na kutoka wakati wa kiangazi, nayo hayafichi nyufa kama vanishi nene inavyofanya. Na kitambaa ulichotumia usikikunje na kukitupa pembeni, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na kitambaa kinaweza kushika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi na wenzangu tuna umri wa miaka 12 na 13. Tunataka pinde za kupigia shabaha, na mmoja wetu anataka kuwinda sungura. Tutumie mishale gani? — Msomaji mdogo, Mpwapwa

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nitaanza na sungura ili tusirudi kwake tena. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni, na haijalishi kama ni kwa bunduki au kwa upinde. Kuingia na upinde ndani ya hifadhi ya taifa au pori la akiba bila ruhusa nako ni kosa, kwa hiyo watoto wanaoishi karibu na mapori, kama vile jirani na Pori la Akiba la Swagaswaga, wasipite humo na pinde hata kama wanakwenda kupiga gunia upande wa pili. Wala msiguse mambo ya sumu za mishale. Shabaha peke yake ina raha ya kutosha, na ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Upinde wako uwe wa kilo 7 hadi 9, usizidi. Pima upana wa mikono yako ukiwa umeinyoosha pande zote mbili kutoka ncha ya kidole hadi nyingine, ugawanye kwa mbili na nusu, nawe utapata umbali unaopaswa kuvuta. Mtu wa sentimita 150 atavuta 60, na mshale wake uwe na 65 ili usichomoke nyuma ya kishikio na kuuumiza mkono unaoshika. Chongeni mishale kutoka matawi membamba ya mkole yaliyonyooka, yamenyeni, myafunge pamoja yakauke, kisha myanyooshe kwa kuyapasha juu ya makaa na kuyakunja taratibu upande wa pili. Wahadzabe hunyoosha yao kwa meno, ninyi tumieni mikono. Manyoya matatu ya kuku au kanga, yote kutoka bawa la upande mmoja, yafungwe kwa uzi na gundi. Mbele msiweke msumari. Ncha butu iliyozungushiwa uzi inatosha kuingia kwenye gunia.

Mshale usiwe mwepesi kupita kiasi. Kwa kila kilo moja ya upinde, mshale uwe na gramu moja na nusu hivi, kwa hiyo upinde wa kilo 8 unataka mshale wa gramu 12 au zaidi. Mshale ukiwa mwepesi mno, nguvu iliyobaki hurudi katika mikono ya upinde, na ndiyo sababu kuvuta na kuachia upote mtupu, bila mshale, huvunja upinde hata ule uliochongwa vizuri. Mkatazaneni jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Jazeni gunia nyasi kavu kwa kuzishindilia, mliegemeze kwenye tuta la udongo au kichuguu, mbali na njia ya watu na mifugo. Wote msimame mstari mmoja mnapopiga, na asitoke hata mmoja kwenda kuokota mshale wake hadi kila upinde uwe umewekwa chini.